Nne na Ishirini

Wytze hakuweza tena kuvuka jiko lake mwenyewe bila kukwama, lakini alikuwa anapanga kwenda Bahari Nyeusi kwa baiskeli. Mwambie hayo mtu asiyemfahamu Wytze, atakucheka usoni. Baukje, mkewe, hakucheka. Alikuwa naye tangu enzi za kucheza dansi kwenye ukumbi wa kijiji, na katika miaka yote hiyo alishajifunza kwamba bwana huyu akikata shauri, kumrudisha nyuma ni kazi ya bure.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa Parkinson, ule wa kutetemeka, ila Wytze hakutetemeka sana. Wake ulimshika miguu na sauti. Aliinuka kitini vizuri, akapiga hatua mbili tatu kuelekea mlangoni, halafu ghafla nyayo zikaganda sakafuni kama zimepigiliwa misumari. Kifua kinataka kwenda, miguu imegoma. Sauti nayo, ambayo zamani ilikuwa ikisikika kutoka kwenye lori la maziwa mpaka ndani ya zizi huku injini ikinguruma, ilikuwa imefifia mpaka mtu ainame ndipo aisikie. Lakini mpandishe juu ya baiskeli, apate mti au ukuta wa kushikilia wakati wa kuanza, basi huyo amekwenda, mgongo umenyooka, miguu inazunguka kama ya kijana. Daktari wa Leeuwarden aliwaeleza kwamba wagonjwa wengi wako hivyo, kutembea kunapotea na baiskeli inabaki. Wytze aliyapokea maneno hayo kama zawadi. Baukje alibaki na nusu ya pili ya maelezo, ile ambayo daktari aliisema akiwa anafunga faili, kwamba shida haiko kwenye kuendesha, iko kwenye kusimama na kushuka.

Safari hiyo walikuwa wameizungumza tangu wakiwa wachumba. Kutoka mlangoni kwao kule Friesland, jimbo lao la kaskazini, kupandisha na mto Rhine, kuvuka mpaka kwenye chemchemi ya Danubi, kisha kushuka na Danubi nchi baada ya nchi mpaka inapomwaga maji yake baharini. Ramani ilibandikwa ukutani juu ya meza ya jikoni, imefifia upande wa dirisha. Kwanza duka la Baukje la vyakula halikuwa na wa kumwachia. Kisha mama yake akaugua kwa muda mrefu. Kisha mgongo wa Wytze. Kila mwaka walisema mwakani, na hawakuwa wanadanganyana, waliamini kweli kwamba miaka ipo.

Sasa miaka ilikuwa imebanwa. Hakuna aliyesema hivyo mezani, maana watu wa kaskazini ile hawapendi kulitaja jambo ambalo kila mmoja analiona. Lakini Baukje alijua kwamba wasipoondoka masika hii inayokuja, hawaondoki tena. Alijua, na siri yake kubwa ni kwamba nusu ya moyo wake iliomba wasiondoke. Alikuwa anaogopa. Aliogopa barabara za Serbia zenye malori, aliogopa kijiji cha ugenini ambako mumewe ataganda katikati ya njia na yeye hajui hata neno la kuomba msaada.

Binti yao Jildou hakuficha chochote. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha jibini kule Dokkum, mwanamke wa maneno makavu, mikono mikubwa kama ya baba yake, na alikuwa na mazoea ya kuingia bila kubisha hodi. Aliposikia kwamba wazee wanapima hema sebuleni, aliweka funguo za gari mezani akamwambia baba yake kwamba huo ni wazimu na yeye hataki kwenda kuchukua maiti Romania. Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakafikia mapatano. Wazee watafanya kwanza safari ya majaribio, mzunguko wa kutwa nzima, mikoba yote ikiwa kwenye keria, Baukje akiwa mbele. Wytze akirudi nyumbani bila kuanguka, Jildou hatasema neno tena. Akianguka hata mara moja, ramani inabanduliwa.

"Unanipa neno lako, Baba?"

"Nimekupa," alisema Wytze, akanyoosha mkono, na binti akaushika.

Mtu wa nje angedhani ni mchezo wa familia. Haukuwa mchezo. Wytze aliendesha lori la maziwa maisha yake yote bila kuandikishiana na mkulima yeyote, na kwake mkono ukishashikwa, jambo limekwisha.

Jioni ya kuamkia siku hiyo walikaa kupanga njia. Kwa wale watu kupanga njia ya baiskeli ni kupanga namba. Kila njiapanda ina nguzo yenye namba yake, nawe unaziandika namba zako kwa mfuatano kwenye utepe, unaubandika juu ya usukani, kisha unafuata mishale mpaka ufike. Wytze alisoma kutoka kwenye ramani, Baukje akaandika. Na hapo pana jambo la lugha yao ambalo mgeni huliona la ajabu na wao wenyewe hata hawalioni. Wao hutaja mamoja kabla ya makumi. Ishirini na nne kwao ni nne na ishirini. Mwenye duka anayetajiwa namba huandika nne kwanza, akiacha nafasi kushoto, halafu hurudi kuichomeka mbili mbele yake. Baukje alikuwa amefanya hivyo dukani maelfu ya mara, mkono wake ulikwenda wenyewe.

Lakini sauti ya Wytze ilikuwa imechoka jioni ile. Ilikuja vipandevipande, na kati ya kipande na kipande Baukje alikuwa na nafasi ya kuwaza mambo yake.

"Nne..." alisema Wytze, akameza mate. "...na ishirini."

Baukje aliandika nne, na kwa kuwa akili yake ilikuwa Serbia, mbili akaiweka kulia.

Asubuhi kulikuwa na upepo kutoka kaskazini-mashariki, wa baridi, ule ambao unakutafuta mpaka ndani ya mikono ya koti. Wytze alishika ukuta wa banda, akapanda, wakaondoka. Njia zilikuwa tambarare, mifereji imejaa mpaka ukingoni, bata bukini wametapakaa mashambani. Baukje alikaa mbele na kuhesabu nguzo. Hakuzoea kuwa mbele. Maisha yote mgongo wa Wytze ulikuwa ndio unaomkinga na upepo, sasa upepo ulimpiga yeye kifuani kwanza, na aligeuka kila mara kuhakikisha kwamba mumewe bado yuko.

Nguzo kwa nguzo, namba zililingana na utepe. Kwenye ghala moja la viazi utepe ulisema mbili na arobaini, na kweli mshale wenye namba hiyo ulikuwapo, umeelekea kushoto. Baukje akapiga kona. Alitegemea waende Dokkum, na hii ilikuwa njia ya baharini, lakini hakushangaa sana. Alidhani bwana mkubwa ameamua kujionyesha. Ndivyo alivyo, alijisemea, hatosheki na jaribio la kawaida, lazima aongeze chumvi. Akakaza pedali.

Baada ya muda tuta la kuzuia bahari likajitokeza mbele, refu, la kijani, limefunga upeo wote. Huko juu wanalisha kondoo, na ili kondoo wasitawanyike, wameweka uzio unaokata njia mara kwa mara, na kila penye uzio pana mlango wa chuma unaojifunga wenyewe. Ni mwembamba, na kizingiti chake kimeinuka. Hupiti ukiwa juu ya baiskeli hata uwe hodari namna gani. Lazima ushuke.

Baukje aliuona mlango wa kwanza alipokuwa keshapanda juu, na akafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya. Akashika breki.

Nyuma yake alisikia tairi likikwaruza kokoto, kisha mshindo wa kitu kizito, kisha kengele ya baiskeli ikalia mara moja peke yake.

Wytze alikuwa amelala ubavu kwenye majani, mguu mmoja chini ya baiskeli, kofia imemfunika jicho. Kondoo walikuwa wamesimama wanamtazama huku wakitafuna. Baukje alikimbia, akaiondoa baiskeli juu yake, akampapasa mikono, mbavu, shingo. Hakuna kilichovunjika. Alimsaidia mpaka akakaa kitako, akamfuta tope shavuni kwa skafu yake, na hapo ndipo hasira ikampanda, kama inavyompanda mtu aliyeogopa sana.

"Umetuleta huku kwa nini, we mwanamume? Umeona Dokkum ni karibu mno?"

"Mimi nimekuleta?" alisema Wytze. "Mimi nakufuata wewe."

"Uliniambia mbili na arobaini."

"Nne na ishirini. Nimekupigia kelele tangu kwenye ghala la viazi."

"Kelele gani? Sijasikia chochote."

Wytze alivuta pumzi. "Ndiyo kelele niliyobaki nayo," alisema.

Baukje alikaa pale kwenye majani kando yake. Ilimuuma kuliko angeweza kueleza. Alimwona akilini mumewe nyuma yake, kilomita baada ya kilomita, akipaza sauti kwenye upepo kwa nguvu zake zote, anajua wanakokwenda, anajua kwamba kuna milango, hawezi kumpita mkewe katika njia ile nyembamba wala hawezi kusimama. Na yeye huko mbele anamsema moyoni kwamba anajionyesha. Alilia, na hakujificha. Wytze alimwekea mkono begani akaacha alie.

Alipotulia alimwuliza kwa nini hakupanga njia ya baharini, yeye aliyeipenda kuliko zote.

"Milango," alisema Wytze. "Nimezipanga njia zote zisizokuwa na kushuka."

"Mpaka Bahari Nyeusi?"

"Mpaka Bahari Nyeusi."

"Na haja ndogo utajisaidia wapi, mzee? Juu ya siti?"

Wytze akacheka, ule mcheko wake mpya usio na sauti, mabega tu. Baukje naye akacheka huku pua bado imejaa machozi. Lakini alikuwa ameelewa jambo. Mwanamume huyu alikuwa amekusudia kuvuka Ulaya nzima bila kusimama, si kwa ushujaa, bali kwa sababu kila kituo kilimtia hofu. Hofu yake na hofu ya mkewe zilikuwa moja, na walikuwa wamelala nayo kitanda kimoja majira yote ya baridi bila kuambiana.

Ikabaki kazi ya kumpitisha mlangoni. Baukje alimwinua, akazipitisha baiskeli upande wa pili, akarudi kumshika mkono. Miguu ikagoma. Alimvuta, ikazidi kugoma. Alimhesabia moja, mbili, tatu, kama Jildou anavyofanya, bila faida. Upepo ulikuwa unausukuma mlango ujifunge, kwa hiyo Baukje aliuzuia kwa nyonga, na ili asianguke akatanguliza mguu wake wa kulia, kiatu chake kikalala mbele kabisa ya nyayo za mumewe, kimekingama kama kijiti.

Wytze alikitazama kile kiatu. Kisha akainua mguu, juu sana, akakivuka.

Baukje aliuondoa mguu, akauweka tena mbele zaidi. Wytze akauvuka tena. Akautoa, akauweka, akauvuka. Hivyo hivyo mpaka wakafika kwenye baiskeli, na nyayo zilizokuwa hazisikii dawa wala amri zilikuwa zimesikia kiatu cha ngozi cha mwenye duka.

"Sijui ni kwa nini," alisema Wytze. "Nikiwa na kitu cha kuvuka, navuka."

Wangeweza kugeuza. Badala yake waliendelea na tuta, mlango baada ya mlango. Walipata utaratibu wao. Baukje anatangulia, analaza baiskeli yake majanini, anasimama imara. Wytze anakuja polepole, anamshika bega kama anavyoshika ukuta wa banda, anashuka. Kisha mguu, kisha mguu. Kwenye mlango mmoja alimkanyaga vibaya mpaka Baukje akaona nyota, Wytze akaomba radhi, wakaendelea. Upande wa kushoto maji yalikuwa yamekupwa, matope ya bahari yanang'aa mpaka visiwani, na kwa mara ya kwanza tangu daktari afunge lile faili, Baukje aliitaka safari ile kwa moyo wake wote. Ndipo akakumbuka mkono ulioshikwa mezani.

Walipouacha mlango wa mwisho nyuma yao alisema, bila kumtazama, kwamba Jildou hakuwapo pale na hakuona kitu.

"Mimi nilikuwapo," alisema Wytze.

"Kuanguka majanini si kuanguka."

"Baukje."

Alilitaja jina lake tu, kwa ile sauti ndogo, na mkewe akaliacha jambo hilo. Hakumwona mkaidi wala mjinga. Alimpenda, na ilimkera kwamba anampenda kwa jambo lile lile litakalowanyima.

Gari la Jildou lilikuwa uani. Ndani kulikuwa na harufu ya supu ya njegere. Wytze alishuka kwa kushika ukuta wa banda, akafika kwenye kizingiti cha jikoni akishika vitu, na kwenye kizingiti akaganda. Jildou aligeuka na mwiko mkononi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tope lililokaukia begani kwa baba yake.

"Umeanguka."

"Nimeanguka," alisema Wytze. "Tutakula kwanza. Ramani nitaibandua mwenyewe."

Jildou hakufurahi kwamba ameshinda. Baukje alimwona asivyofurahi. Binti aliweka mwiko chini, akaja na ile sura yake ya kazini, akamshika baba yake kwapani na kuanza kumvuta, hatua kubwa, Baba, hatua kubwa. Miguu haikusogea.

"Mwachie," alisema Baukje. "Weka mguu wako mbele ya wake. Uukingamishe."

"Mguu wangu?"

"Fanya nilivyokwambia."

Jildou alikuwa na soksi tu, maana viatu aliviacha mlangoni. Alitanguliza mguu bila imani yoyote, kama mtu anayemridhisha mama yake. Wytze aliutazama, akainua wa kwake, akauvuka, akawa ndani. Jildou aliutazama mguu wake mwenyewe. Kisha bila kuambiwa aliurudisha mguu nyuma, akauweka tena. Hivyo ndivyo baba alivyovuka jiko mpaka kwenye kiti chake, binti akirudi kinyumenyume mbele yake, macho ya wote wawili yakiwa chini.

Wakala supu. Baukje alisimulia yote, ghala la viazi, namba iliyogeuzwa, mlango, kondoo. Hakupunguza kitu na hakuomba kitu. Alipofika penye kelele zilizopotea kwenye upepo, Jildou aliacha kula.

Wytze alimaliza bakuli lake taratibu. Kisha akanyoosha mkono kwenye kona ya ramani, ile iliyo karibu, akaanza kuuchokonoa kwa kucha utepe ulioishikilia ukutani. Vidole vyake havikuwa vyepesi. Jildou alimwacha ahangaike kidogo, halafu akaushika ule mkono, kama alivyoushika siku ile ya mapatano, akaushusha mezani.

"Huko mbele," alisema, "kwenye Danubi. Milango ya hivyo ipo?"

"Itakuwapo," alisema Wytze. "Sijui ni mingapi."

"Basi Mama anahitaji viatu vigumu zaidi. Hivi vitamvunja vidole kabla hamjafika Vienna."

Baukje aliinuka haraka kwenda kwenye jiko, kwa sababu hakutaka waone uso wake. Nyuma yake alisikia kiti kikivutwa, droo ikifunguliwa, utepe mpya ukikatwa. Jildou alikuwa amekaa kando ya baba yake na kalamu mkononi.

"Nitajie namba za kwanza, Baba. Tarakimu moja moja, siyo kinyumenyume."

Birika lilikuwa limeanza kulia. Baukje aliliondoa motoni, akazima na redio, akasimama pale pale alipokuwa. Jildou aliinamisha kichwa mpaka sikio likakaribia mdomo wa baba yake.

"Mbili," alisema Wytze. Walisubiri. "Nne."

Na mkono wa binti ukaandika kama ulivyosikia.